Shajara ya mradi: Bwawa la Kentucky juu ya meza mbili

Siku ya 1

Leo nimeanza kazi niliyoiwaza kwa muda mrefu, nayo ni kutengeneza kielelezo chenye maji ya kweli cha Bwawa la Kentucky, lililojengwa katika Mto Tennessee nchini Marekani, pamoja na ziwa lake na chemba ya kupandishia meli. Nimelichagua bwawa hili kwa sababu ndilo la mwisho kabla ya mto huo kuingia katika Mto Ohio karibu na mji wa Paducah, kiasi cha maili 22 tu kutoka kwenye makutano. Mamlaka ya Bonde la Tennessee, chombo cha serikali kilichoundwa mwaka 1933, ilianza kulijenga tarehe 1 Julai 1938, mwaka mmoja na miezi michache baada ya mafuriko makubwa ya Januari 1937 yaliyoizamisha Paducah. Milango yake ilifungwa tarehe 30 Agosti 1944 ili ziwa lianze kujaa, na Rais Harry Truman akalizindua tarehe 10 Oktoba 1945.

Kinachonivuta ni kwamba maji ya ziwa hili ni yale yale, lakini wanaoyategemea ni wengi na kila mmoja anayataka kwa namna yake. Nahodha wa matishari, yaani vyombo bapa vya mizigo visivyo na injini, anataka kina kisichobadilika, mwenye mashua ya kuvulia samaki anataka maji yafike kwenye gati lake, na mkazi wa Paducah, ambaye hana chombo chochote majini, anataka ziwa liwe na nafasi tupu kabla ya mvua kubwa. Nimesoma maelezo hayo mara nyingi bila kuridhika nayo, na sasa nataka kuyaona kwa macho na kuyapima kwa rula.

Jioni nilifanya hesabu za skeli. Kwa skeli ya 1:200, bwawa lenye urefu wa futi 8,422, yaani mita 2,567 kutoka ukingo hadi ukingo, lingehitaji meza ya karibu mita 13, na ziwa lenye urefu wa maili 184 lingehitaji karibu kilomita moja na nusu. Kwa hiyo nimeamua kutengeneza meza mbili. Ya kwanza itakuwa na chemba ya meli, jengo la mitambo ya umeme lenye mashine zake 5 na kipande cha sehemu ya kumwagia maji, ambayo kwenye bwawa halisi ina milango 24. Ya pili itabeba ziwa zima kwa skeli ya 1:100,000, ambapo urefu wake utakuwa chini kidogo ya mita 3. Kina cha meza hiyo ya pili, hata hivyo, nitakiweka katika skeli ile ile ya 1:200, ili rula moja ipime usawa wa maji katika meza zote mbili.

Siku ya 4

Kabla ya kukata ubao wowote nilihitaji kuwa na vyombo vyenyewe, kwa maana chemba hupimwa kwa kinachopita ndani yake. Tishari la kawaida katika mito ya Marekani lina urefu wa futi 195 na upana wa futi 35, nalo likibeba shehena yake kamili ya tani 1,500 huzama futi 9. Kwenye meza yangu linakuwa na urefu wa sentimita 29.7, upana wa sentimita 5.3 na kina cha sentimita 1.4 chini ya maji. Nimechonga moja kwa mbao laini, nikalipaka vanishi mara tatu, kisha nikalijaza mchanga kidogo kidogo hadi likazama kufikia mstari nilioukwangua ubavuni. Yamebaki matishari mengine 14, kwa kuwa boti moja ya kusukuma huweza kuendesha matishari 15 yaliyofungwa pamoja kwa nyaya, matatu kwa upana na matano kwa urefu.

Chemba yenyewe ni kama kisanduku kirefu cha zege kilichopachikwa katika bwawa, chenye malango kila mwisho. Chombo kinachopanda huingia kupitia malango ya chini, malango hufungwa nyuma yake, maji ya ziwa huingizwa hadi yalingane na ziwa, kisha malango ya juu hufunguliwa. Hakuna pampu yoyote inayotumika, kwani maji hushuka yenyewe kwa uzito wake. Chemba ya Kentucky ina urefu wa futi 600 na upana wa futi 110, na mnyanyuko wake wa kawaida ni takriban futi 57. Kwa skeli yangu ni sentimita 91.4 kwa 16.8, na mnyanyuko wa sentimita 8.7.

Nilipoyachora matishari tisa kwenye karatasi, matatu kwa matatu, yalichukua sentimita 16 za upana na sentimita 89 za urefu. Nafasi iliyobaki kila ubavu ni milimita 4, ambazo mtoni ni chini kidogo ya mita moja. Nililiangalia pengo hilo kwa muda mrefu, nikimfikiria nahodha anayeingiza shehena ya tani zaidi ya 13,000 usiku, katika upepo, na kuta za zege ziko umbali wa hatua moja kila upande.

Siku ya 9

Malango yamenipotezea siku tatu, na ni vyema niandike sababu kwa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote.

Nilikuwa nimegawanya upana wa chemba kwa mbili na kukata kila ubawa wa lango sentimita 8.4, nikidhani kwamba mbawa mbili zikifungwa zitakaa bapa kama mlango wa nyumba. Zilikaa bapa kweli, lakini maji ya upande wa juu yalipofika sentimita 5 zilianza kusukumwa nje, bawaba zikapinda, na maji yakapita katikati kama mfereji. Nikaweka bawaba nzito zaidi, nazo zikang'oa skrubu zake kutoka kwenye plaiwudi.

Fundi seremala anayenisaidia, mzee aliyetumia maisha yake yote kutengeneza milango na madirisha, aliyatazama kwa dakika chache kisha akasema, “Mwanangu, mlango unaokaa bapa unategemea bawaba. Mlango unaoegemeana na mwenzake unategemea ukuta.” Hakuwa amewahi kuona chemba ya meli, lakini alikuwa amesema jambo lenyewe. Malango halisi hufungwa yakiwa yametengeneza pembe inayoelekea upande wa maji mengi, kila ubawa ukiwa umelala kwa mteremko wa takriban moja kwa tatu. Kadiri maji yanavyosukuma, ndivyo mbawa mbili zinavyokazana zenyewe kwa zenyewe, na nguvu yote huenda kwenye kuta za pembeni badala ya kubebwa na bawaba.

Kwa pembe hiyo kila ubawa ulipaswa kuwa na urefu wa sentimita 8.85. Tofauti ya milimita nne na nusu kwa kila upande ndiyo iliyokuwa inaniangusha. Tumekata mbawa mpya, tukazipa ncha zilizosagwa kwa msasa hadi zikutane vizuri, na tukabandika utepe mwembamba wa mpira mahali zinapogusana.

Siku ya 10

Malango yameshikilia maji ya sentimita 12 kwa saa sita. Yanavuja tone moja moja, na inatosha.

Siku ya 17

Leo tumejaza chemba kwa mara ya kwanza ikiwa na matishari ndani, na matokeo hayakuwa mazuri. Nilikuwa nimeingiza maji kwa bomba moja lililofunguka chini ya malango ya juu. Mara tu vali ilipofunguliwa, maji yaliruka kwenda upande wa chini, yakagonga malango na kurudi, na kundi la matishari tisa likaanza kwenda mbele na nyuma hadi likakata uzi niliokuwa nimelifungia ukutani.

Mpwa wangu, ambaye huja kunisaidia kila jioni, alishauri tufungue vali polepole. Ni ushauri wa haki, nasi tuliufuata, lakini kujaza kukachukua zaidi ya dakika tano. Ili nijue kama muda huo ni mrefu au mfupi nilirudi kwenye kanuni ya William Froude, mhandisi wa Uingereza wa karne ya 19 aliyechunguza miendo ya meli kwa kutumia vielelezo vidogo. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, maji yanayotembea kwa uzito wake katika kielelezo cha 1:200 huenda haraka zaidi ya saa halisi kwa kipeuo cha pili cha 200, yaani mara 14 hivi. Dakika moja mezani ni sawa na dakika 14 mtoni. Dakika zangu tano zingekuwa zaidi ya saa moja, na hakuna nahodha angekubali kusubiri hivyo kwa kujaza tu.

Suluhisho ni lile wanalotumia wahandisi wenyewe. Maji hayapaswi kuingia mahali pamoja, bali hupitishwa katika njia zilizofichwa ndani ya kuta na kutolewa kwa matundu mengi yaliyotawanywa, ili chemba yote ipande kwa pamoja kama mkate unaoumuka. Nimelaza mabomba mawili chini ya sakafu na kutoboa matundu 24 kila moja. Matundu ya karibu na vali nimeyafanya madogo zaidi kuliko ya mbali, kwa kuwa bila hivyo maji yangetoka mengi kwenye mwanzo wa bomba na machache kwenye mwisho wake.

Tulipojaribu tena, chemba ilijaa kwa sekunde 58. Matishari yalipanda yakitikisika kidogo tu, na uzi haukukatika. Nilimwona mpwa wangu akiwa ameinamisha kichwa hadi jicho lake likawa sawa na ukingo wa kioo cha plastiki, akifuatilia mstari wa maji ukipanda milimita baada ya milimita, na hakusema neno hadi malango ya juu yalipofunguka yenyewe kwa kusukumwa na kidole kimoja. Hapo maji ya pande zote mbili yalikuwa yamelingana. Kabla ya kulingana, mimi mwenyewe nilikuwa nimejaribu kuyafungua kwa mikono miwili na nikashindwa.

Siku ya 23

“Mjomba,” mpwa wangu aliniuliza, “matishari yakiwa mengi ndani si tutatumia maji machache? Yanachukua nafasi.”

Swali hili nilikuwa nimelisikia kutoka kwa watu wazima pia, na mimi mwenyewe nilidhani jibu lake ni ndiyo. Tuliamua kulipima badala ya kulijadili. Tuliweka ndoo yenye alama za lita mahali pa ziwa, tukajaza chemba ikiwa tupu, kisha ikiwa na tishari moja, kisha ikiwa na matishari tisa yenye shehena. Mara zote tatu ilitumia lita 13 na karibu nusu, na tofauti kati ya majaribio ilikuwa ndogo kuliko makosa ya macho yangu katika kusoma alama za ndoo. Hesabu ya karatasi inasema lita 13.4.

Sababu yake ni nyepesi mtu akishaiona. Chombo kinachoelea huchukua nafasi ile ile ya maji kikiwa chini na kikiwa juu, kwa hiyo kinachoongezwa ni tabaka la maji lenye eneo la chemba na kimo cha mnyanyuko, si zaidi wala si pungufu. Katika bwawa halisi tabaka hilo ni zaidi ya lita milioni 100 kwa kila mpando. Mashua ndogo ya watu wawili waliotoka kuvua samaki, ikipandishwa peke yake, huteremsha maji yale yale yanayoteremshwa na matishari tisa.

Ndiyo maana utaratibu wa kupita una uzito wake. Chemba za mabwawa haya huendeshwa na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, na kupita ni bure hata kwa mashua za starehe, lakini zamu hupangwa: vyombo vya serikali vya kijeshi hutangulia, vikifuatiwa na vya abiria na vya biashara, na mashua za starehe huja baadaye, kwa kawaida zikikusanywa kadhaa kwa pamoja. Baada ya kipimo cha leo sioni dhuluma yoyote katika mpangilio huo, nami nadhani anayesubiri langoni na mashua yake angeuona hivyo pia kama angeonyeshwa ndoo ile.

Siku ya 31

Nimehamia meza ya pili. Ziwa la Kentucky ni la ajabu kwenye ramani kwa sababu mto wake, ukishatoka jimbo la Tennessee kwenda jimbo la Alabama, hugeuka na kurudi kaskazini, ukavuka Tennessee kwa mara ya pili na kuingia jimbo la Kentucky. Kwa hiyo ziwa limenyooka kusini hadi kaskazini, kutoka chini ya Bwawa la Pickwick Landing hadi kwenye mji wa Gilbertsville, na lina eneo la kilomita za mraba 650 hivi. Lina ghuba ndogo ndogo zisizohesabika kwa urahisi, kwa kuwa kila kijito kilichoingia mtoni kimegeuka kuwa mkono wa ziwa, na ndiyo sababu ufuko wake una urefu wa maili 2,064. Kuchonga mikono hiyo katika povu gumu kumenichukua siku tano, nami nimeacha mingi.

Upande wa mashariki nimechonga Ziwa Barkley, lililotokana na bwawa la mto jirani wa Cumberland lililokamilika mwaka 1966. Maziwa haya mawili yameunganishwa kwa mfereji usiofika kilomita 3, usio na chemba wala lango, kwa hiyo usawa wa maji yake ni mmoja. Niliuchimba mfereji huo kwa ncha ya kisu nikamimina maji upande wa Kentucky pekee, na baada ya muda mfupi Barkley nayo ilikuwa imepanda. Chombo kinachokuta foleni ndefu kwenye chemba moja kinaweza kuzunguka kwa nyingine kupitia hapo. Ardhi iliyobaki katikati ya maziwa hayo ni rasi ndefu yenye misitu, ambayo tangu mwaka 1963, kwa uamuzi wa Rais John Kennedy, imetengwa kwa mapumziko na mafunzo ya mazingira.

Kabla ya kumimina maji niliweka pini nyekundu mahali palipokuwa na mji wa Birmingham, maili chache juu ya bwawa. Mji huo ulizama wote. Ili kupata ardhi ya ziwa hili familia 2,609 zilihamishwa na makaburi 3,390 yakafukuliwa na kuzikwa upya. Nilifikiri kwa muda kama pini inafaa kuwemo katika kielelezo cha usafiri wa majini na mapumziko, nikaona kwamba isipokuwemo nitakuwa nimeonyesha maji bila kuonyesha yaliyo chini yake. Pini imebaki.

Siku ya 36

Leo ilikuwa siku ya milimita saba na nusu, na hiyo ndiyo siku niliyoingojea tangu mwanzo.

Kwa kawaida ziwa hushikiliwa katika futi 359 juu ya usawa wa bahari kuanzia mwanzo wa Mei hadi mwanzo wa Julai, kisha huteremshwa taratibu hadi futi 354 kwa ajili ya majira ya baridi, na kuanza kujazwa tena Aprili. Tofauti ni futi 5, ambazo kwenye meza zangu ni milimita 7.6. Mafuriko yakija, ziwa linaweza kuzuia maji hadi futi 375, yaani zaidi ya sentimita 3 juu ya usawa wa baridi. Nafasi hiyo tupu ndiyo inayolinda miji ya chini, kwa kuwa maji ya Tennessee hushikwa hapa wakati Ohio na Mississippi ziko katika kilele chake, halafu huachiwa vilele hivyo vikishapita.

Nilijaza meza ya ziwa hadi alama ya kiangazi, nikapanga mashua za karatasi katika ghuba, nikafungua vali kidogo. Katika mkondo mkuu sikuona badiliko lolote. Njia ya meli hutunzwa iwe na kina cha futi 11 ili tishari linalozama futi 9 lipite na akiba, na akiba hiyo ilibaki pale pale kwa kuwa hesabu zake zimefanywa kwa usawa wa chini kabisa wa mwaka. Lakini kwenye ghuba maji yalikimbia. Mahali ambapo ufuko una mteremko wa moja kwa hamsini, kushuka kwa futi 5 huyaondoa maji futi 250 kutoka ukingoni, na kwa jicho la mwenye nyumba ya mapumziko ziwa limehama. Mashua nne kati ya saba zilikuwa zimelala ubavu juu ya povu. Magati yanayoelea, yaliyofungwa kwenye nguzo kwa pete, yalishuka pamoja na maji bila madhara, ilhali lile nililoligandisha kwa gundi lilibaki limening'inia hewani. Kwa maoni yangu, yeyote anayeshangaa kwa nini bandari za mashua katika ziwa hili hutumia magati yanayoelea angeelewa kwa kuona gati hilo moja.

Kuna mteremsho mwingine, mdogo zaidi, ambao wasomaji wengi wa Kiswahili watauelewa haraka kuliko Wamarekani wa leo. Mamlaka ilipoanza kazi katika miaka ya 1930, malaria ilikuwa imewashika watu wapatao asilimia 30 katika eneo lake, na mabwawa mapya yangeweza kuongeza mazalia ya mbu. Moja ya hatua zilizochukuliwa ilikuwa kupandisha na kushusha ziwa kwa kiasi cha futi moja kila wiki katika msimu wa mbu, ili viluwiluwi waachwe juu ya tope wakauke au wasukumwe nje ya majani wakaliwe na samaki. Futi moja kwenye meza yangu ni milimita moja na nusu. Nilipoishusha, utepe mwembamba wa ufuko ulionekana kuzunguka ziwa zima, ukiwa umelowa na kung'aa.

Siku ya 44

Nimeongeza vifaa vya usalama kwenye chemba. Nimeweka taa tatu za rangi nyekundu, njano na kijani, na honi ndogo ya betri, kwa kuwa chombo kinachoomba kupita hupiga mlio mmoja mrefu na mmoja mfupi na kusubiri taa ya kijani. Ukutani nimechimba mifereji ya wima na kuweka vifungio vinavyoelea, ambavyo hupanda na kushuka pamoja na maji. Mwenye mashua hupitisha kamba yake kwenye kifungio hicho na kuishikilia kwa mkono bila kuifunga fundo gumu, na kila aliyemo huvaa jaketi la kuokolea. Tulijaribu makusudi kuifunga mashua moja kwenye ukingo usiosogea, tukateremsha maji. Iliinama, ikamwaga abiria wake wa mbao, kisha ikaning'inia kwa kamba. Mpwa wangu aliwaokota abiria mmoja mmoja na kuwapanga ukingoni wakauke, na tangu hapo hajaifunga mashua yoyote fundo.

Pia nimefunga maboya katika meza ya kwanza. Chombo kinachopanda mto huyaacha mekundu upande wa kulia na ya kijani upande wa kushoto.

Siku ya 51

Jaribio kamili limefanyika leo mchana. Kundi la matishari 15 na boti yake ya kusukuma lilitoka upande wa Ohio. Kwa kuwa matishari matano kwa urefu ni sentimita 148 na chemba haifiki hata 92, kundi lilibidi likatwe. Tisa yaliingizwa kwanza, boti ikarudi nyuma, malango yakafungwa, chemba ikajaa, na matishari yakavutwa nje kwa kamba ya winchi na kufungwa ukutani upande wa ziwa. Kisha chemba iliteremshwa ikiwa tupu, boti ikaingia na matishari sita yaliyobaki, ikajazwa tena, na kundi likaunganishwa upya juu. Kwa saa yangu kazi yote ilichukua dakika 11, sehemu kubwa ikiwa ni kufungua na kufunga nyaya, ambazo mikono ya watu haiwezi kuziharakisha kwa kanuni ya Froude.

Chemba mpya yenye urefu wa futi 1,200, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1998 kando ya hii, italichukua kundi zima kwa mara moja. Nililaza ubao wa sentimita 183 sakafuni na kupanga matishari yote juu yake pamoja na boti, yakaenea na nafasi ikabaki. Kilichonishangaza ni hesabu ya maji. Chemba ndefu ikijaa mara moja hutumia kiasi kile kile ambacho chemba fupi hutumia ikijaa mara mbili, yaani lita 27 kwa ndoo yetu. Kwa kundi la matishari 15 faida yake yote iko katika muda, na katika kuwaepusha mabaharia na kazi ya kukata na kuunganisha nyaya nzito juu ya sitaha zilizolowa.

Baada ya hapo tulirudia safari ile ile ziwa likiwa katika usawa wa baridi. Mnyanyuko ulipungua kwa milimita saba na nusu, na ndoo ilionyesha upungufu wa lita moja na zaidi kidogo kwa kila mpando. Matishari yalitoka chembani na kuingia mkondoni bila kugusa chini, na nilipopitisha kipande cha karatasi ngumu chenye unene wa milimita 2 kati ya tishari la mwisho na sakafu kikapita. Kwenye meza ya pili, mashua nne zilikuwa bado juu ya povu mahali tulipoziacha, na pini ya Birmingham, ambayo kiangazi huonekana kichwa tu chini ya maji, ilikuwa imetokeza ncha yake nyekundu juu ya maji.

Yaliyobaki ni kupaka rangi jengo la mitambo, kubadilisha utepe wa mpira kwenye ubawa wa kushoto wa malango ya chini, ambao umeanza kuchanika, na kuchonga mikono kumi ya ziwa niliyoiruka upande wa magharibi. Kesho naanza na utepe.